Nimepewa kompyuta ya mkononi yenye Linux na sijawahi kuigusa Linux. Nianzie wapi?

#1 KidoleGumba

Habari wakuu.

Binamu yangu ameniachia kompyuta ya mkononi aliyoiunda mwenyewe. Inaenea kwenye viganja viwili: kioo cha inchi 5 (1280 kwa 720), kibodi ndogo ya kubonyeza kwa vidole gumba, kijimpira cha kusogezea mshale, ndani bodi ya Raspberry Pi 4 yenye ramu ya GB 4, memori kadi ya GB 32 na betri mbili zile nene za mviringo. Yeye yuko kazini melini na hapatikani. Alichoniachia ni kikaratasi chenye jina la kuingilia na neno la siri, basi.

Miaka yote nimetumia Windows. Nataka kifaa hiki niandikie, nisomee PDF nikiwa safarini, na nijifunzie Python. Ila kimenishinda tangu mlangoni. Kikiwaka kinaleta maandishi meupe kwenye kioo cheusi, madogo kama sisimizi. Nikiandika neno la siri hakuna kinachotokea, hata vinyota havionekani, nikadhani kibodi imekufa. Jana nilikuwa naandika kitu, ghafla kila kitu kikaganda, nikachomoa betri. Na usiku nikikiweka kando kioo kikiwa kimezimika, asubuhi nakikuta kimekata chaji kabisa.

Nianze na amri, au niweke madirisha na aikoni kama nilivyozoea?

#2 Bawaba

Neno la siri halionyeshwi kwa makusudi, hata idadi ya herufi isijulikane kwa anayechungulia. Andika kama kawaida, bonyeza Enter. Kibodi yako ni nzima.

#3 MamaPacha

Karibu, mdogo wangu. Tuanze na macho, maana ukiumia macho utakitupa hicho kifaa kabla hujajua utamu wake.

Andika `sudo dpkg-reconfigure console-setup`. Hiyo `sudo` ya mwanzo ni kuomba ruhusa ya msimamizi. Itakuuliza maswali kadhaa. Acha UTF-8, kwenye aina ya mwandiko chagua Terminus, kwenye ukubwa chagua 16x32. Maana yake kila herufi inachukua nukta 16 kwa upana na 32 kwa urefu. Kwa kioo chako unabaki na herufi 80 kwa mstari na mistari 22. Hapo mwanzo, kama ni 8x16, ulikuwa na herufi 160 na mistari 45 kwenye inchi 5, ndiyo maana umeona sisimizi. Mimi navaa miwani mizito na nasoma 16x32 nikiwa nimelala chali bila shida.

#4 NyuziSaba

Kuganda: nakuhakikishia ulibonyeza Ctrl+S. Mkono wa mtu wa Windows unakwenda hapo wenyewe kila baada ya sentensi mbili. Kwenye mstari wa amri, Ctrl+S inasimamisha kioo kisionyeshe kitu, tabia iliyobaki tangu enzi za mashine za teleksi. Bonyeza Ctrl+Q, kila ulichokiandika kitatokea kwa mpigo.

Na usichomoe betri tena tafadhali. Memori kadi ikikatiwa umeme katikati ya kuandika, faili zinaharibika. Zima kwa `sudo poweroff`, subiri taa ya kijani iache kucheza, ndipo ukate umeme.

#5 MtiMkavu

Amri. Sina hata la kufikiria.

Kioo cha inchi 5 hakina nafasi ya madirisha. Kivinjari kimoja kikifunguka kimemaliza kioo, kitufe cha kufunga ni kidogo kuliko ncha ya kalamu, na kijimpira nacho kinateleza. Maandishi hayana matatizo hayo. Wiki ya kwanza jifunze `ls`, `cd`, `cp`, `mv`, `less`, `nano` na `man`. Ukiingia kwenye `less` au `man` unatoka kwa kubonyeza q. Halafu kitufe cha Tab: unaandika herufi mbili tatu za jina la faili, Tab inakumalizia. Ctrl+R inakutafutia amri uliyowahi kuiandika zamani. Kwenye kibodi ya vidole gumba, kila herufi usiyoiandika ni faida.

#6 Zulia

Namheshimu MtiMkavu ila hapa hapana. Nimefundisha watu wazima kompyuta kwa miaka kadhaa. Mtu mpe kioo cheusi siku ya kwanza, siku ya tatu kifaa kiko kwenye droo. Kinachomfanya mtu arudi kwenye kifaa ni kuona kazi yake imefanyika. Huyu anataka kusoma PDF. Atazisomaje kwenye kioo cha maandishi?

Aweke XFCE, mazingira ya madirisha na aikoni, ni nyepesi na GB 4 zinaitosha kabisa, apandishe ukubwa wa maandishi na vitufe, halafu ndani yake afungue terminali, yaani dirisha la amri. Akichoka na amri, ana pa kupumzikia.

#7 MtiMkavu

#6, `pdftotext -layout kitabu.pdf`, kisha `less kitabu.txt`. Nimesoma vitabu vizima hivyo.

#8 Zulia

Vitabu vilivyochapwa kidijitali, sawa. Ila vingi vinavyozunguka ni picha za kurasa zilizoskaniwa. Humo hamna herufi, kuna picha ya herufi. pdftotext itakupa faili tupu na mgeni atadhani amekosea yeye.

#9 NchaYaTai

Mnabishana amri na madirisha wakati mtu ana kadi moja tu, hana nakala, na aliyeiunda yuko baharini. Kitu cha kwanza ni kunakili kadi nzima. Zima, toa kadi, ichomeke kwenye laptopu yenye Linux, kisha:

`sudo dd if=nakala.img of=/dev/sda bs=4M status=progress`

Baada ya hapo haribu unavyotaka, utairudisha.

#10 Bawaba

SIMAMENI. KidoleGumba, usiinakili amri ya #9!

Amegeuza. `if` ni kinakosomwa, `of` ni kinakoandikwa. Alivyoandika, faili inamwagwa juu ya diski. Na kwenye laptopu nyingi `/dev/sda` ni diski ya laptopu yenyewe, siyo kadi. Ungepoteza vyote.

Kwanza `lsblk` kabla hujachomeka kadi, chomeka, `lsblk` tena. Kilichoongezeka chenye ukubwa wa takribani GB 32 ndicho kadi. Tuseme ni `/dev/sdb`, basi:

`sudo dd if=/dev/sdb of=nakala.img bs=4M status=progress`

Soma jina la diski kwa sauti kabla ya kubonyeza Enter. Mimi hufanya hivyo mpaka leo.

#11 NchaYaTai

Bawaba asante sana, umeokoa jahazi. Nimeandika amri ya kurudishia nikidhani ni ya kunakilia. Posti #9 siifuti, ila nawaomba wanaokuja msome #10 kwanza.

#12 MamaPacha

Nyongeza kwa #10: nakala ya kadi ya GB 32 ni faili la GB 32, hata kama umetumia GB 5 tu. Na kama unahifadhi kwenye diski ya nje iliyofomatiwa FAT32, itakwama ikifika GB 4, maana FAT32 haikubali faili moja kubwa kuliko hapo. Ipitishe kwenye gzip, inayobana faili:

`sudo dd if=/dev/sdb bs=4M status=progress | gzip > nakala.img.gz`

Nafasi iliyo tupu kwenye kadi hubanwa sana kama haijawahi kuandikwa kitu.

#13 Vidato

Kama kwenye kikaratasi kumeandikwa `pi` na `raspberry`, ndiyo ya kawaida kwa Raspberry Pi zote. Badilisha haraka kwa `passwd`.

#14 NyuziSaba

#13, ilikuwa ya kawaida. Tangu Aprili 2022 mfumo wa Raspberry Pi OS hauji tena na mtumiaji huyo, unalazimika kuunda wako mara ya kwanza unapowasha. Kwa hiyo kama kikaratasi kina `pi` na `raspberry`, ama mfumo ni wa kabla ya hapo, ama binamu aliiweka mwenyewe kwa mazoea. Andika `cat /etc/os-release` utuletee kilichoandikwa.

#15 KidoleGumba

Wakuu nimerudi, nashukuru wote.

Mama, nimeweka 16x32. Sikutegemea kitu kidogo hivyo kingenibadilishia kifaa chote. NyuziSaba, ni kweli, Ctrl+S. Nimejaribu tena kwa makusudi ikaganda, Ctrl+Q ikafunguka. Nakala ya kadi tayari, nimetumia njia ya #12 kwenye laptopu ya rafiki, nikasoma jina la diski kwa sauti mara mbili.

os-release inasema Debian 12, bookworm. Jina la kuingilia siyo pi, ni jina la utani la binamu.

Sasa jipya. Betri ilipokata usiku, asubuhi nikawasha, `sudo apt update` ikakataa, inasema faili la Release bado halijaanza kutumika, eti bado saa kadhaa. Na tovuti nyingi zinakataa kufunguka. Jana yake zilifunguka vizuri. Nimeharibu nini?

#16 Bawaba

Hujaharibu. Andika `date` uone, saa yako iko nyuma.

Raspberry Pi hazina saa yenye betri yake. Umeme ukikatika, ikiwaka inaanzia muda wa mwisho iliouhifadhi. Sasa vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na orodha za apt nazo zina tarehe. Kifaa kinachodhani leo ni juzi kinaona vitu vinatoka kesho, kinavikataa. Andika `nmtui`, unganisha Wi-Fi, subiri dakika moja au mbili saa ijirekebishe kwa mtandao, kisha `timedatectl` ikuthibitishie.

#17 Vidato

Bawaba, na mimi leo nasahihisha: Raspberry Pi 5 iliyotoka 2023 inayo saa ndani, ina na sehemu ya kuchomeka betri ndogo. Ya mleta uzi ni 4, hapo uko sahihi.

#18 Bawaba

Nakubali, #17. Pi 4 na za nyuma. KidoleGumba, ukipenda kuna kidude kidogo cha saa kinaitwa DS3231 chenye betri ya sarafu, kinachomekwa kwenye pini za bodi. Ukisafiri sana bila mtandao utakihitaji.

#19 ShambaLaNyota

Naingilia kidogo. Vifaa hivi ni vizuri kuliko nilivyodhani, kumbe vimeanza na Steam Deck, ile ya kuchezea gemu, mwaka 2022 halafu watu wakaanza kujiundia?

#20 MzeeWaKalamu

Hapana, mwanangu. Steam Deck imekuja miaka ishirini baadaye.

Mwaka 2002 nilikuwa na Sharp Zaurus SL-5500. Kioo cha inchi 3.5, kibodi ya kuteremsha chini, ramu MB 64, prosesa ya MHz 206, na ndani yake Linux yenye terminali. Niliandikia ripoti zangu zote. Kabla yake kulikuwa na Agenda VR3 ya 2001. Mwaka 2005 ikaja Nokia 770, haikuwa simu, ilikuwa kioo cha kuvinjari mtandao chenye mfumo wa Maemo. Ikafuata N800, N810 yenye kibodi, halafu N900 mwaka 2009, hiyo sasa ikawa simu kabisa, terminali ikiwa imeshawekwa tangu kiwandani. OpenPandora ikafika kwa watu 2010. Mwaka huohuo Ben NanoNote, kadogo, ramu MB 32, haina hata Wi-Fi.

Nawaambia haya kwa sababu naona #5 na #6 wanashindana kwa jambo tulilolijua zamani. Tulikuwa na MB 64 na tulitumia madirisha na terminali pamoja. Huyu ana GB 4.

#21 ShambaLaNyota

Ahsante mzee. N900 nimeisikia mara nyingi, kumbe ndiyo hiyo.

#22 MtiMkavu

Mzee, N900 niliitumia miaka sita. Kibodi yake ya safu tatu ndiyo iliyonifundisha kuandika amri kwa vidole gumba. Nilikuwa naingia kwa SSH kwenye kompyuta ya kazini nikiwa kwenye foleni. Nimekaa kimya hapo kwenye GB 4, hoja yako nimeiona, ila bado nasema kijimpira kinateleza.

#23 Kipepeo77

Kwa nini mnateseka? Mleta uzi ana simu ya Android bila shaka. Android ni Linux. Aweke Termux, apate amri zote na Python, betri inakaa siku nzima.

#24 NyuziSaba

Android inatumia kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, hilo ni kweli. Lakini juu ya kerneli kila kitu ni tofauti, hata maktaba ya msingi ya C ni nyingine, inaitwa Bionic. Programu iliyotengenezwa kwa Debian huichukui ukaiweka Termux ikafanya kazi. Kwa Python ya mwanzo Termux inatosha, sikatai. Ila kifaa alichopewa na binamu ni cha kwake kuanzia kwenye kadi mpaka juu, hakuna anayemfungia mlango. Hiyo haipatikani kwenye simu ya kawaida.

#25 ShambaLaNyota

Naweza kuuliza? Mimi ninayo Steam Deck. Niliingia upande wa desktopu nikaweka programu kwa `pacman`, baada ya mfumo kujisasisha zikapotea zote. Na mwanzoni `sudo` ilinikatalia.

#26 Zulia

`sudo` ilikataa kwa sababu mtumiaji `deck` haji na neno la siri. Unaliweka kwanza kwa `passwd`. Kuhusu kupotea: SteamOS inafunga sehemu ya mfumo isiandikwe, na sasisho likija linabadilisha sehemu hiyo yote kwa mpya. Ulichokiweka humo kinaondoka nayo. Weka programu kupitia Discover, zinakuja kama Flatpak na zinakaa kwenye sehemu ya /home, sasisho haliigusi.

KidoleGumba, hili la #25 halikuhusu. Debian yako inaandikika yote, `apt` ndiyo njia yako.

#27 KidoleGumba

Saa imekaa sawa na apt imefanya kazi. Asante Bawaba.

Kuhusu apt: `update` nimeona haisasishi chochote, inashusha orodha tu? Halafu nimejaribu kuweka programu niliyoipakua ya .deb, ikasema aina ya usanifu hailingani, amd64 na arm64.

#28 MamaPacha

Umeisoma vizuri. `apt update` inaleta orodha ya vilivyopo, `apt upgrade` ndiyo inayosasisha vyenyewe. Wengi wanachanganya kwa miezi.

Hilo la pili: laptopu nyingi zina prosesa za Intel au AMD, na programu zake zinaitwa amd64. Prosesa yako ni ya ARM, lugha nyingine kabisa. Kwenye ukurasa wa kupakulia tafuta iliyoandikwa arm64 au aarch64. Bora zaidi, tafuta kwanza kwa `apt search`, huko utapewa inayokufaa bila kuchagua. Ipo programu inaitwa box64 inayotafsiri za amd64 kwenye ARM, ila hiyo iache mpaka mwezi wa tatu.

#29 KidoleGumba

Sawa mama. Sasa nisaidieni hili la betri, ndilo linaloniumiza. Nasafiri, siwezi kuamka kila siku na kifaa kilichokufa.

#30 Vidato

Hiyo ni Linux kulala vibaya. Inajulikana. Andika `cat /sys/power/mem_sleep`. Ukiona mabano yako kwenye `s2idle` badala ya `deep`, kifaa kinasinzia tu, hakilali.

#31 Bawaba

#30, hiyo ni kweli kwa laptopu. Raspberry Pi 4 haina usingizi wa aina yoyote ile. Kioo kimezimika, bodi iko macho usiku kucha.

Hesabu ni rahisi. Betri hizo ni 18650, yaani milimita 18 kwa unene na 65 kwa urefu, volti 3.7. Tuseme kila moja ina mAh 3400. Mbili ni 3.4 x 3.7 x 2, kama wati-saa 25. Pi 4 ikikaa bure inakula karibu wati 3, ongeza upotevu wa kupandisha volti 3.7 kwenda 5. Saa saba au nane, imekwisha. Ndiyo usiku wako huo.

#32 NchaYaTai

Hesabu nzuri ila umechukulia betri ni nzima. KidoleGumba, zimeandikwa mAh ngapi ubavuni? Kama ni 9900 basi maandishi hayo ni ya uongo. 18650 nyingi za kweli zinaishia kwenye 3500 hivi. Nilishawahi kupima moja yenye maandishi makubwa nikakuta haifiki hata 1000. Mimi nasema ni betri.

#33 NyuziSaba

Au kuna kazi inayoendelea kimyakimya. Binamu aliiunda kwa matumizi yake, labda kaweka hati inayojiendesha. Angalia `top`, angalia `crontab -l` na `systemctl list-timers`. Prosesa ikiwa juu ya asilimia 20 wakati hufanyi kitu, umempata mwizi.

#34 MzeeWaKalamu

Mmoja kati yenu amwambie ajaribu kuizima kabisa usiku, ajue kama inakula hata ikiwa imezimwa. Pi 4 tangu kiwandani, ukiizima kwa amri, taa nyekundu inabaki. Bodi haijakata umeme, inasubiri kuamshwa. Na pini za volti 5 zinaendelea kutoa umeme kwa kioo na kibodi.

Ipo dawa ya nusu. `sudo rpi-eeprom-config --edit`, weka `POWER_OFF_ON_HALT=1` na `WAKE_ON_GPIO=0`, hifadhi, iwashe upya. Lakini pini za volti 5 haziguswi na hiyo.

#35 KidoleGumba

Zimeandikwa 3400, NchaYaTai. Hazina rangi ya kutiliwa shaka ila sina cha kupimia.

`top` inaonyesha prosesa imetulia, asilimia 1 au 2. `crontab -l` tupu. `free -h` ndiyo imenitisha, ramu iliyo huru ni MB 300 tu kati ya GB 4!

#36 NyuziSaba

Usitishike na safu ya `free`, soma `available`. Linux inatumia ramu iliyokaa bure kuhifadhi faili ulizozisoma karibuni, ukihitaji nafasi inaachia papo hapo.

Basi mwizi wangu hayupo, nimekosea. Fanya majaribio ya mzee.

#37 KidoleGumba

Nimefanya usiku nne, wakuu. Kifaa kina taa nne za betri. Kila jioni nilianza na taa zote nne.

Usiku wa kwanza kikiwa macho, kioo kimezimika: asubuhi kimekata. Wa pili nimezima kwa `poweroff`, taa nyekundu imebaki: asubuhi taa mbili. Wa tatu baada ya kubadilisha mipangilio ya EEPROM (chipu inayoongoza kuwaka kwa bodi) kama #34: asubuhi taa tatu. Wa nne nimechomoa betri kabisa baada ya kuzima: asubuhi taa nne.

Kwa hiyo imepungua sana, namshukuru mzee kwa moyo wote. Ila ile taa moja ya usiku wa tatu inakwenda wapi?

#38 Bawaba

Kioo. Kinakula kwenye pini za volti 5.

#39 NchaYaTai

Au kile kidude cha kupandishia volti. Kinakula chenyewe hata hakuna kinachokitumia. Na bado sijaziamini betri.

#40 MamaPacha

Au hakuna kilichokwenda. Taa moja ni robo. Inaweza kuwa imeshuka asilimia 24, inaweza kuwa imeshuka asilimia 2 ikavuka mpaka. Usiku mmoja hautoshi, na taa nne si kipimo. Tafuta kipima cha USB, kiweke kati ya umeme na bodi.

#41 MzeeWaKalamu

Au swichi. Ningekuwa yeye ningeweka swichi ndogo kati ya betri na kila kitu.

#42 KidoleGumba

Kipima nimeahidiwa na rafiki, wiki ijayo. Swichi nitasubiri binamu arudi, sitaki kuchomelea kitu chake bila yeye.

Kwa sasa: nimeweka XFCE kama Zulia alivyosema, kwa ajili ya PDF zilizoskaniwa. Kuandika nafanya kwenye kioo cheusi, kwenye `nano`. Posti hii nimeiandika humo kwa vidole gumba, na nimegundua Ctrl+S ndani ya nano inahifadhi kweli, haigandishi.

#43 MtiMkavu

Nano za sasa ndiyo, inahifadhi. Ukitoka kwenye nano inarudi kugandisha, angalia.

Weka na `tmux`. Kwa mistari 22 unaweza kuwa na nano upande mmoja na Python upande wa pili, na ukiingia kwa SSH mtandao ukikatika kazi yako inabaki ilipo.

#44 Zulia

Herufi 80 ukizigawa mara mbili ni 40 kila upande, MtiMkavu. Python ya mtu anayejifunza itakunjika kila mstari.

#45 MtiMkavu

Agawe juu na chini. Mistari 10 na 10.

#46 Kipepeo77

Nimesoma mpaka hapa nikatoa Raspberry Pi yangu kwenye sanduku, ilikaa humo mwaka mzima. Ya kwangu ni 3. Ile `POWER_OFF_ON_HALT` ya mzee inafanya kazi kwangu?

#47 Bawaba

Hapana, Pi 3 haina EEPROM ya kuwashia, hiyo ilianza na 4. Fungua uzi wako tukusaidie huko, huu tumwachie KidoleGumba na kipima chake.